Mdogo wangu kapulizishwa mashine usiku, imetoka 0.38. Hivi kesi ya ulevi barabarani inathibitishwaje?

#1 Mwana wa Ngamiani

Waungwana salama. Naomba mawazo maana nyumbani hapalaliki. Mdogo wangu Jumamosi alikuwa harusini Muheza, akarudi na gari ya shemeji usiku, kukaribia kuingia Tanga mjini akasimamishwa. Anasema alikunywa bia mbili kubwa mapema, saa 12 jioni, na baadae akaonjeshwa mnazi kidogo. Askari kamwambia puliza, kapuliza, mashine ikatoa kikaratasi kama risiti ya dukani. Nakala yake ninayo. Juu kuna tarehe na saa 01:12, chini yake namba ya mashine, kisha 0.38 na mbele ya hiyo 0.38 kulikuwa na herufi lakini zimefifia hazisomeki kabisa, afu mstari wa saini. Kalala ndani, kesho yake mchana katoka kwa dhamana. Jumatano anasomewa shtaka.

Mtaani wameshamhukumu. Mmoja ananambia kiwango ni 0.08 kwa iyo 0.38 ni karibu mara tano, akiri alipe yaishe. Mwengine anasema akatae kila kitu mashine zote zile mbovu. Mi nataka kujua tu, serikali inathibitishaje kesi kama hii? Mashine ikisema ndo umeshafungwa au kuna zaidi?

#2 Kigoda cha Baraza

Pole sana kaka. Mnazi wa Muheza hauonjwi, unanywewa. Mi naona akiri tu, faini ya trafiki elfu 30, mambo yaishe.

#3 Karani wa Masjala

Kigoda usimpoteze kijana wa watu. Elfu 30 ni ile ya notifikesheni, makosa ya papo kwa papo. Hili limeshakwenda mahakamani na huko hakimu ana faini, ana kifungo, na ana leseni yako mkononi, na kwa mtu anayeishi kwa usukani hiyo leseni ndo inayouma zaidi.

Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, hizi faili nimezifunga na kuzifungua. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, sura ya 168, ina makosa mawili ya ulevi na watu huyafanya moja. La kwanza ni kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kukimudu chombo. Hapo kinachothibitishwa ni HALI yako, mashine iwepo isiwepo. La pili ni kuendesha ukiwa na kilevi kilichozidi kiwango, na kiwango ni miligramu 80 kwenye mililita 100 za damu. Hapo kinachothibitishwa ni NAMBA, hata kama ulikuwa umesimama wima kama mlingoti. Kwa iyo kabla ya kujadili mashine, hati ya mashtaka inasema lipi katika hayo mawili? Siku hizi mambo ya mahakamani yamekuwa Kiswahili tangu sheria ilipobadilishwa 2021, akipewa asome mwenyewe neno kwa neno.

Na hili la kukiri nisikilize vizuri. Ukikiri mwenyewe na hakimu akakutia hatiani, hukati tena rufaa kupinga hatia, unabakiwa na kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu basi. Nimeona vijana wanasimama pale wanasema "ni kweli mheshimiwa nilikunywa bia mbili", wanadhani wamekiri. Kunywa bia mbili si kosa. Kosa ni kuzidi kiwango au kushindwa kulimudu gari. Hakimu makini ataandika amekana, hakimu mwenye haraka atakuandikia umekiri, na hapo ndo balaa linapoanzia.

#4 Mwana wa Ngamiani

Karani nashukuru sana. Hati hatujapewa, ni Jumatano hiyo hiyo. Ntarudi.

#5 Fundi Vipimo

Nimefanya kazi maabara, nizungumzie hiyo namba tu. Kwanza wewe wa mtaani unayesema mara tano, haiwezekani. 0.38 ikiwa ni kipimo kile kile cha 0.08, yaani gramu kwenye mililita 100 za damu, huyo kijana asingekuwa nyuma ya usukani, angekuwa kitandani na dripu au mbaya zaidi. Kwa kiwango hicho watu wanapoteza fahamu, wengine hawaamki. Kwa iyo zile herufi zilizofifia karibu kwa hakika zinasema miligramu kwa LITA YA PUMZI. Mashine haijapima damu, imepima pumzi.

Sasa pumzi inageuzwaje kuwa damu? Kwa kuzidisha. Wataalamu wanachukulia kwamba kilevi kilichomo kwenye lita moja ya damu ni mara 2100 ya kilichomo kwenye lita moja ya pumzi. Piga mwenyewe, 0.38 mara 2100 ni 798. Hiyo ni miligramu kwa lita nzima ya damu, gawa kwa 10 upate kwa mililita 100. Inakuja 79.8.

Kiwango ni 80.

#6 Mwana wa Ngamiani

Subhanallah. Kwa iyo yuko CHINI ya kiwango??

#7 Kijana wa Lushoto

Usifurahi bado. Fundi yuko sahihi na hajamaliza. Hiyo 2100 si namba ya watu wote duniani. Waingereza wanatumia 2300. Ndo maana kule kiwango cha damu ni 80 vilevile lakini cha pumzi wamekiandika chenyewe, mikrogramu 35 kwenye mililita 100 za pumzi, yaani 0.35 kwa lita. Piga 0.35 mara 2300 utaona inarudi 80. Kwa hesabu hiyo 0.38 yako ni 87 na kijana kazidi. Pumzi moja, mashine moja, ukitumia namba hii amepona ukitumia ile amekwisha.

Na uhalisia ni kwamba kila mtu ana yake, wengine chini ya 2000 wengine juu ya 2400, na hata mtu mmoja inabadilika akiwa na homa, au akiwa amebana pumzi sana kabla ya kupuliza.

#8 Fundi Vipimo

Kweli kabisa #7, hilo la 2300 nilikuwa nalijia. Ndo maana nchi nyingi pumzi ya barabarani ni ya kukuchuja tu, ushahidi wenyewe ni damu au mashine kubwa ya kituoni. Mwana wa Ngamiani, alitolewa damu?

#9 Mwana wa Ngamiani

Hakutolewa. Kapuliza mara moja tu pale barabarani.

#10 Afande Mstaafu

Nimewasoma wote na hesabu zenu nzuri. Ila msimpe kijana matumaini ya kwamba kesi ni kikaratasi. Nimesimama barabarani miaka 22, Segera, Hale, Korogwe, nimeshika walevi kabla hata hizo mashine hazijaja, na walikuwa wanatiwa hatiani. Askari anaandika alichokiona. Gari ilikuwa inakula mstari mara ngapi. Alipoambiwa simama alisimama wapi. Kioo kiliposhuka kilitoka harufu gani. Alipoulizwa leseni alitoa nini, mi kuna mmoja alinipa kadi ya mwaliko wa harusi. Alishuka akashikilia mlango au alisimama mwenyewe. Hayo yakisemwa na shahidi anayeaminika, hakimu anayapokea, na sheria ya ushahidi haisemi lazima mashahidi wangapi, hata mmoja anatosha akiaminika.

Kwa iyo mwambie nduguyo akumbuke kwa uaminifu, pale aliposimamishwa alikuwa katika hali gani?

#11 Karani wa Masjala

Afande uko sawa, ila maelezo yako yanaingia kwenye lile kosa la kwanza, la hali. Kama hati inasema kuzidi kiwango, macho mekundu na harufu havijazi pengo la namba. Harufu inakuambia kanywa. Haikuambii kanywa kiasi gani.

#12 Afande Mstaafu

Zinasaidiana Karani. Namba inapokaa palepale mpakani, hali ndo inayoisukuma upande mmoja.

#13 Karani wa Masjala

Au shaka ndo inayoisukuma upande wa pili. Mzigo wa kuthibitisha ni wa serikali, tena pasipo kuacha shaka, na Katiba ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika. Mpakani maana yake ni shaka.

#14 Dereva wa Horohoro

Salaam. Mi napita Horohoro na Lunga Lunga kila wiki na semi. Upande wa pili, Kenya, mashine hii ya kupuliza wanaita alkoblo. Miaka ya nyuma walikuwa wanakamata mpaka ikafika mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema kanuni zile zinagongana na Sheria yao ya Trafiki, maana sheria yenyewe inataka ithibitike kwamba ulishindwa kulimudu gari wakati kanuni zilikuwa zinataka namba tu. Kwa iyo na huku kijana aseme hivyo hivyo.

Halafu sisi wa mizigo na abiria hatuna huo ukubwa wa 80. Kwetu ni sifuri. Shirika la Afya Duniani nalo kwenye ripoti zake limeandika hivyo, 0.08 kwa dereva wa kawaida, sifuri kwa wa biashara. Tajiri wangu ana kimashine chake pale yadi, asubuhi unapuliza kabla hujapewa ufunguo. Nilishawahi kurudishwa nyumbani saa 12 asubuhi kwa bia za saa 5 usiku. Nimelala, nimeoga, nimekunywa chai, najiona mzima kabisa. Kimashine kikawaka nyekundu. Siku hiyo ndo nilijua kwamba kulala hakuondoi pombe.

#15 Kijana wa Lushoto

Dereva hilo la Kenya halimfai huyu. Kule tatizo lilikuwa namba iko kwenye kanuni wakati sheria mama inazungumzia hali. Kwetu namba iko ndani ya sheria yenyewe, kama Karani alivyosema #3. Wakili akienda na hoja hiyo atarudishwa.

Lakini la kulala umesema kweli tupu. Ini linaondoa kama miligramu 15 kwa saa kwenye kila mililita 100 za damu, wengine hadi 20. Kahawa haiongezi kasi, kuoga hakuongezi, supu ya utumbo haiongezi.

#16 Fundi Vipimo

#15 umenifungua macho, ngoja nipige hesabu moja ambayo sijui kama mwenye uzi ataipenda.

Bia kubwa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za kilevi. Mbili ni gramu 40. Mwanaume wa kilo 70 akizinywa zote kwa mpigo na mwili usiondoe chochote atafika kama 85. Mwanamke wa kilo 60 atafika hapo mapema zaidi, kwake bia moja tu ni karibu 60, kwa sababu ya uzito na kwa sababu mwili wake una maji machache. Sasa mdogo wako bia zake ni za saa 12 jioni. Mpaka saa 7 usiku ni masaa 7. Saba mara 15 ni 105. Bia zile zilikuwa zimeshakwisha mwilini kabla hajawasha gari.

Kwa iyo ile 0.38 yote ni ya mnazi. Na ili mnazi ukufikishe hapo saa 7 usiku si wa kuonja, ni kama lita nzima. Mwana wa Ngamiani kaka yangu, kakae na nduguyo mzungumze.

#17 Kigoda cha Baraza

Nilisema mimi #2. Hauonjwi.

#18 Mgema wa Pangani

Mnazi una mambo yake, nyie wa maabara mnaupa asilimia kama bia. Mnazi unaoteremshwa alfajiri ni mtamu, mtoto anaweza kuunywa. Ukiuacha kwenye dumu unachachuka wenyewe, adhuhuri si ule wa alfajiri, magharibi una makali, uliolala ndo usiseme. Kikombe kile kile, dumu lile lile, nguvu mbali mbali. Sasa harusini umeletwa saa ngapi, nani anajua. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji, huenda hata ulikuwa maji matupu.

Ila kuna jambo huwa nawaambia wateja wangu na wananibishia. Unavyochachuka kwenye dumu unaendelea kuchachuka na mdomoni. Mtu akimaliza kikombe, kinywa chake kinanuka na kuwaka muda mrefu.

#19 Nesi wa Makorora

Mgema hilo la mwisho kuchachuka mdomoni sina hakika nalo lakini umegusa kitu kikubwa. Pombe ya mdomoni. Mtu akimeza pombe, au akisukutua na dawa ya kinywa yenye spiriti, au akicheua, mvuke unakaa mdomoni, na mashine inausoma kama umetoka kwenye mapafu. Ndo maana maelekezo ya vifaa hivi yanataka msubiri dakika 15 mtu asile, asinywe, asivute sigara, ndo apulize. Dakika 15 zikipita ule wa mdomoni umekwisha unabaki wa damu.

Niongeze na hili maana limenikaa moyoni. Zamu moja ya usiku, sisemi hospitali gani, tuliletewa mwanaume amefungwa pingu, fomu ya polisi ya PF3 mkononi, imeandikwa amelewa. Anapepesuka, anaongea maneno hayaungani, jasho linamtoka shati lote limelowa. Watu wa mapokezi wanamcheka. Nikasema ngoja nimchome kidole. Sukari ilikuwa 1.9. Ule haukuwa ulevi, sukari ilikuwa imeshuka, tumemwekea dripu ya glukosi, dakika kumi akaniuliza niko wapi dada. Hakuwa amekunywa hata soda. Kwa iyo Afande shikamoo, nakuheshimu, lakini kupepesuka na maneno kuvurugika si ulevi peke yake. Hata aliyegonga kichwa anakuwa hivyo hivyo.

Na damu nayo ikitolewa kuna namna yake. Ngozi haifutwi kwa spiriti, chupa inatakiwa iwe na dawa ya kuzuia damu isichachuke njiani kuelekea kwa Mkemia Mkuu. Ukikosea hapo umeongeza pombe ambayo mtu hakunywa.

#20 Afande Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hilo la sukari umenifunza, na nina watu wawili watatu nawakumbuka sasa hivi, Mungu anisamehe.

#21 Bi Saumu wa Mabanda ya Papa

Nimesoma tangu mwanzo na mikono inatetemeka. Mume wangu aligongwa 2016 akiwa kwenye baiskeli yake anatoka kazini, taa ya nyuma inawaka, pembeni kabisa ya lami. Baiskeli ilikatika katikati. Aliyemgonga alikuwa ananuka hata sisi tuliokwenda pale tulimnusa. Kesi ilikwenda mwaka na nusu. Mashine siku hiyo haikuwepo, damu ilichukuliwa kesho yake, na karatasi ya majibu haikufika. Akatiwa hatiani kwa uendeshaji mbaya tu, ulevi ukafutika kama haukuwepo.

Nyie mnapiga mara 2100 mara 2300. Mimi namba yangu ni watoto watatu. Sikatai mtu kujitetea, ila mnafundisha watu njia.

#22 Fundi Vipimo

Bi Saumu pole sana sana, Mungu amrehemu marehemu. Sina la kukujibu ila hili. Kilichofuta ulevi wa yule aliyemgonga mumeo ni hicho hicho tunachokizungumza hapa, sampuli kuchukuliwa kesho yake na karatasi kupotea. Masaa kumi na mbili yakipita kilevi cha 150 kinakuwa hakipo. Tunataka vipimo vichukuliwe sawasawa ili wewe usiponyokwe na mdogo wake huyu asionewe. Ni jambo lile lile.

#23 Bi Saumu wa Mabanda ya Papa

Kwako wewe ni lile lile. Sawa. Nashukuru.

#24 Mwana wa Ngamiani

Bi Saumu pole mno mama. Sijui niandike nini.

Wakuu nimekaa na mdogo wangu jana usiku mpaka saa nane. Fundi alikuwa sahihi. Mnazi hakuonja, alikunywa, na kibaya zaidi walitoka Muheza na chupa ya maji ya lita moja na nusu imejaa mnazi, wakawa wanapokezana na rafiki yake njiani. Anasema funda la mwisho alipiga Pongwe, njiani kabla ya kuingia mjini. Nimemgombeza mpaka mama akaja kutuachanisha. Lakini nimeona kitu. Fomu ya kituoni imeandikwa alisimamishwa saa 7:05 usiku. Kikaratasi cha mashine kinasema 01:12. Hiyo si dakika saba?

#25 Nesi wa Makorora

Dakika saba. Na funda la Pongwe juu yake. Hiyo 0.38 inaweza kuwa na mdomo ndani yake kwa kiasi kikubwa tu.

#26 Kijana wa Lushoto

Inaweza kuwa hivyo na inaweza kuwa kinyume chake. Mnazi wa dakika za mwisho ulikuwa bado tumboni haujaingia kwenye damu, angepimwa baada ya nusu saa damu yake ingekuwa JUU zaidi ya ilivyokuwa pale. Swali la sheria ni alikuwa na ngapi wakati anaendesha, sio baadae. Kwa iyo funda la Pongwe linamsaidia mara mbili na linamwangusha mara moja.

#27 Afande Mstaafu

Linamwangusha zaidi ya mara moja kijana. Chupa ilikutwa garini? Mtu anayekunywa huku anaendesha hakimu hamtazami kwa jicho la huruma. Halafu saa za mashine na saa ya mkononi mwa askari mara nyingi haziendi pamoja, mimi yangu ilikuwa inatangulia dakika tano makusudi nisichelewe zamu. Hizo dakika saba zako zinaweza kuwa kumi na mbili, au mbili.

#28 Karani wa Masjala

Ndo maana yanaulizwa hayo kwenye maswali ya dodoso, yale ya kumhoji shahidi wa upande wa pili. Kama atapata wakili, na nakushauri apate, yapo mambo ya kushika. Mashine ilikaguliwa mara ya mwisho lini na cheti kiko wapi. Aliyempulizisha amefundishwa kifaa hicho au alipewa tu zamu hiyo. Mrija ulikuwa mpya, ulifunguliwa mbele yake? Kikaratasi chenyewe kilitoka kwa nani kikaenda kwa nani mpaka kufika mahakamani, na Mahakama ya Rufani imekuwa kali sana kwenye mnyororo huo wa kukabidhiana vielelezo. Na kikipokelewa kama kielelezo lazima kisomwe kwa sauti mshtakiwa akisikie, kisiposomwa kinaondolewa kwenye ushahidi hata kwenye rufaa. Sasa fikiria shahidi anasimama kusoma "0.38" halafu anafika kwenye herufi zilizofifia. Atasema nini?

Na aliandika maelezo ya onyo, yale ya mtuhumiwa kituoni? Saa ngapi? Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inatoa masaa 4 tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, labda muda uongezwe kihalali.

#29 Mwana wa Ngamiani

Aliandikwa usiku ule ule, saa 8 hivi. Amesaini kwamba "nilikunywa bia na mnazi".

#30 Dereva wa Horohoro

Hapo mi ndo huwa sielewi. Wanasema alikuwa amelewa hajiwezi, afu wanamchukua maelezo saa 8 usiku, anasaini, na hayo maelezo ndo ushahidi. Kama alikuwa na akili ya kusaini basi hakulewa, kama alilewa basi saini yake ya nini?

#31 Karani wa Masjala

Swali zuri sana Dereva na nimeona mahakimu wakilijibu kwa namna tofauti. Ila hapa maelezo yenyewe yanasema kunywa tu. Turudi #3.

#32 Mtu wa Sahare

Samahani natoka nje kidogo ya mada. Mtu akilewa akaamua kulala ndani ya gari nje ya baa, injini imezimwa ila ufunguo upo, anashtakika? Kuna mtu namjua.

#33 Afande Mstaafu

Mwambie huyo unayemjua alale kiti cha nyuma na ufunguo ampe mlinzi. Sheria haimtazami anayeendesha peke yake, inamtazama na aliye msimamizi wa gari barabarani. Ukiwa kiti cha mbele ufunguo umekaa sehemu yake, una kazi ya kueleza.

#34 Kigoda cha Baraza

Sahare kuna baa gani ina mlinzi wa kuaminiwa ufunguo. Achukue bajaji tu.

#35 Mwana wa Ngamiani

Wakuu nimerudi, ni Jumatano jioni. Amesomewa. Hati ni ya Kiswahili, kosa ni moja, kuendesha gari akiwa na kiwango cha kilevi kilichozidi kinachoruhusiwa, hakuna la hali. Afande hawajaandika kwamba gari ilikuwa inayumba. Alipoulizwa ni kweli si kweli akasema si kweli mheshimiwa, sauti ikamkauka akarudia mara ya pili. Mwendesha mashtaka kasema upelelezi umekamilika anaomba tarehe ya hoja za awali. Dhamana imeendelea.

Nilimuuliza karani wa pale kuhusu cheti cha mashine, kasema tuandike barua. Wakili tumempata, kasema hawezi kuahidi kitu, 79.8 na 87 zote atazipeleka kwa hakimu maana asipozipeleka zote mbili upande wa pili utapeleka ile moja. Ile chupa ya mnazi ilikutwa, iko kwenye orodha ya vielelezo, wameandika "chupa moja ya plastiki yenye kimiminika cheupe". Hakuna aliyeipima.

#36 Mgema wa Pangani

Cheupe! Mpaka tarehe hiyo itakuwa siki hiyo, hamna mtu ataipima tena.

#37 Mwana wa Ngamiani

Bi Saumu, post yako nilimpa simu aisome mwenyewe. Kaisoma akairudia, kanirudishia simu bila neno. Gari ameirudisha kwa shemeji na yeye sasa anaenda kazini kwa baiskeli ya marehemu baba, jana kaifunga taa mpya nyuma.

#38 Bi Saumu wa Mabanda ya Papa

Afunge na ya mbele.

#39 Dereva wa Horohoro

Jumamosi hii nasikia kuna harusi nyengine Muheza watu wengi wa mjini wanakwenda. Mi niko mapumziko na sinywi siku hizi, nna Noah ya watu saba. Anayetaka kurudishwa usiku anitafute kabla ya Ijumaa, mafuta tunachangiana.